Meli Imebeba Nini?

Nawashukuru kwa kunialika. Maswali mliyonitumia karibu yote yanahusu vyeo vya melini: nani mkubwa, nani anamfuata, mtu anapandaje. Nitayajibu. Ila naomba tuanze na swali ambalo baharia mzoefu huuliza kabla hajatia sahihi mkataba: meli imebeba nini? Cheo kilekile, ukikihamisha kutoka meli hii kwenda ile, huwa kazi nyingine.

Kwanza watu wenyewe. Meli ya urefu wa mita 300 huweza kuendeshwa na watu 20 na ushee tu. Juu ya wote yuko nahodha. Sitahani, ofisa mkuu ndiye mwenye dhamana ya shehena: ipakiwe wapi, uzito ukae vipi, chombo kisilalie upande. Ofisa wa pili hupanga njia na kutunza ramani, na kwa desturi zamu yake ni ile ngumu ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Ofisa wa tatu, mara nyingi kijana aliyetoka chuoni juzi, hukagua mashua za kuokolea na vifaa vya kuzimia moto. Mabaharia wa sitahani huongozwa na serehangi. Chini mitamboni mkubwa ni mhandisi mkuu, lakini shughuli za kila siku huziendesha mhandisi wa pili. Jikoni yuko mpishi, naye nitamrudia. Rubani simhesabu humo. Neno hilo lilikuwa la bahari kabla ndege hazijakuwapo, na hadi leo rubani wa bandari hupanda meli, huiongoza katika maji anayoyajua, kisha hushuka.

Sasa mchukueni ofisa mkuu mmoja mumtembeze. Kwenye meli ya mafuta adui yake ni mvuke usioonekana unaoweza kulipuka, kwa hiyo hushughulika na hewa iliyomo ndani ya matangi kama anavyoshughulika na mafuta yenyewe. Kwenye meli ya makontena huamini uzito ulioandikwa na watu wa nchi kavu. Uzito huo ukiwa wa uongo, rundo huweza kuporomoka baharini. Ndiyo maana tangu Julai 2016 kila kontena lililojazwa lazima uzito wake uthibitishwe kabla ya kupakiwa. Kwenye meli ya gesi asilia, shehena imepozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ikawa kimiminika, na sehemu yake huchemka na kurudi kuwa gesi njia nzima. Meli nyingi za aina hiyo huichoma gesi hiyo katika injini zao, na hapo mhandisi naye anakuwa mtu wa shehena, apende asipende.

Meli ya shehena ya kichele, yaani mzigo unaomwagwa bila kufungashwa, watu huiona nyepesi: mchanga, mawe, nafaka, kuna nini? Tarehe 2 Januari 2015 meli iitwayo Bulk Jupiter ilizama karibu na Vietnam ikiwa na zaidi ya tani 46,000 za bauksiti, madini ya kutengenezea alumini. Madini ya chembe ndogondogo yenye unyevu mwingi, yakisukwasukwa na mawimbi, hugeuka kama uji. Uji huo hukimbilia upande mmoja na haurudi. Walikuwa watu 19. Aliyepona ni mmoja, mpishi.

Ajali ninayoifikiria zaidi, hata hivyo, ni ya meli ya kivuko cha magari. Jioni ya tarehe 6 Machi 1987, Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya omo, yaani ya mbele ya meli, ikiwa wazi. Wa kuifunga alikuwa serehangi msaidizi. Alikuwa amelala chumbani mwake. Wa kuhakikisha imefungwa alikuwa ofisa mkuu, lakini muda wa kuondoka ulimtaka awe juu pamoja na nahodha. Nahodha, kutoka alipokuwa, hakuweza kuiona milango. Kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuna kasoro, alichukulia kwamba yote ni sawa. Sitaha ya magari haina kuta za kuzuia maji. Yalipoingia yalitapakaa, na chombo kikalala ubavu ndani ya dakika chache. Watu 193 walikufa.

Kwenye meli ya kichele, baharia aliyelala asingeweza kuleta msiba wa namna ile, kwa sababu haina milango ya omo. Aina ya meli ndiyo iliyombebesha mtu wa cheo cha chini roho za watu wote. Nami siwezi kumtwisha yeye peke yake. Uchunguzi ulionyesha kuwa manahodha walikuwa wameshaomba kuwekewa taa ya kuonyesha kama milango imefungwa, na wakubwa wa nchi kavu hawakuliona ombi hilo kuwa na maana. Leo taa hiyo ni sharti katika vivuko vya magari. Siku mtakayopangwa kwenye meli ya aina hiyo, ulizeni ilipo kabla hamjaonyeshwa kitanda chenu.