Ufunguo wa Kabati

Mhadhara uliotolewa mjini Mtwara mbele ya wauguzi, wakunga, maafisa ustawi wa jamii na watu wanaojitolea wakati wa maafa

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi vijana mlionisalimia pale mlangoni, marahaba. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuunganisha huduma za manusura wa ukatili wa kingono na huduma za kawaida za afya wakati wa dharura. Wamo humu walionisikia nikilisema jambo hili Masasi, Newala na Lindi, na ninajua kwamba nikigeuka wapo wanaoniita Mama Ufunguo. Sina ugomvi na jina hilo. Leo nitaisimulia tena habari ya ufunguo, kwa sababu tangu nianze kuisimulia sijaona makabati yakipungua.

Ubakaji ni nini na kwa nini ni kosa sitaeleza, maana aliyekuja hapa bila kulijua hilo hatasaidiwa na mkunga mstaafu. Nitaanzia kituoni.

Kituo chenyewe sitakitaja. Tulikuwa tumepokea familia zilizohamishwa na maji, zikalazwa katika madarasa ya shule ya msingi jirani, na kila asubuhi foleni yetu ilikuwa ndefu kuliko kivuli cha mwembe uliokuwa mbele ya jengo. Siku moja alikuja mama na mtoto mwenye homa. Mtoto alipimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa mseto. Mama akapokea maelezo, akashukuru, akarudi kukaa kwenye benchi. Nilidhani anasubiri mwenzake. Alikaa mpaka foleni ikaisha, yapata saa nane mchana, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini: "Nesi, nina shida nyingine." Lililompata lilimpata alfajiri ya juzi yake, kama saa kumi, alipokwenda chooni. Vyoo vya shule vilikuwa ng'ambo ya uwanja na hapakuwa na taa. Nilipiga hesabu ya haraka: saa 58 zimekwisha kupita. Ninyi nyote mnajua kwamba dawa kinga dhidi ya VVU hutakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na isizidi saa 72, kisha humezwa kwa siku 28. Kwa hiyo nilikuwa na saa 14 mkononi, na saa 14 ni nyingi sana kwa mtu aliye na dawa.

Na dawa tulikuwa nazo. Zilikuwa kabatini, kabati lilikuwa la mradi wa manusura wa ubakaji, lilikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mganga mfawidhi, ambaye alikuwa amekwenda kumzika mjomba wake kijiji kimoja huko Newala ambako simu haikupatikana. Simlaumu hata kidogo. Kwetu sisi watu wa kusini mjomba ndiye mwenye ukoo, na asiyekwenda kumzika mjomba wake atazikwa na nani? Tulichangishana mafuta, tukamtuma kijana wa bodaboda. Alirudi kesho yake saa tatu asubuhi, nguo zimejaa vumbi, ufunguo kaushika mkononi kama yai. Tukafungua. Dawa zilikuwa zimepangwa vizuri, leja yake haikuwa na kosa hata moja, na saa 77 zilikuwa zimepita.

Nawaona mnaotikisa kichwa kwa huruma, lakini habari haijaisha, na sehemu inayonihusu mimi ndiyo inayofuata. Wiki iliyofuata nilikuwa nikihesabu dawa za mwisho wa mwezi. Nikafika CTC, chumba cha tiba na matunzo, hatua kumi na mbili tu kutoka pale nilipokaa na yule mama. Rafuni palikuwa na dawa za kufubaza VVU, zilezile za kila siku, zinazotosha kuanzishia dawa kinga watu ishirini. Nikarudi kwenye kliniki yangu ya mama na mtoto, nikavuta droo ya uzazi wa mpango: levonorgestreli, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, imo. Dawa za magonjwa ya zinaa nazo zilikuwepo: azithromaisini na metronidazo zilikuwa dirisha la dawa, seftriaksoni ilikuwa wodini, chanjo ya pepopunda ilikuwa kwenye friji nililolifungua mwenyewe kila asubuhi. Ndani ya lile kabati la mradi hapakuwa na dawa ambayo haikuwepo mahali pengine ndani ya jengo lilelile. Na mimi, niliyekuwa na funguo za kliniki mfukoni mwa gauni langu, nilituma bodaboda Newala, kwa sababu akilini mwangu dawa za CTC zilikuwa "za CTC", vidonge vya uzazi wa mpango vilikuwa "vya wateja wa uzazi wa mpango", na mtu aliyebakwa alikuwa "wa mradi".

Msiniulize majibu ya vipimo vya yule mama. Hayo ni yake.

Sasa, mtu anaposema "kuunganisha huduma", mimi sifikirii mkakati wala warsha. Nafikiria zile hatua kumi na mbili. Nafikiria muuguzi wa zamu ya usiku, awe ni nani, akiweza kukusanya dozi nzima kutoka katika rafu za kituo chake bila kumwamsha mtu, kuiandika katika rejesta ya kawaida, na kumhudumia manusura katika chumba ambacho kila mwanamke huingia. Kuna atakayesema: "Mama, mahesabu ya dawa yatavurugika, na mkaguzi akija tutajibu nini?" Mtajibu kwamba dawa ilimezwa na mgonjwa. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kumwona mkaguzi aliyekasirishwa na dozi iliyoandikwa. Nimewaona wakikasirishwa na dawa zilizoisha muda wake ndani ya makabati yaliyofungwa.

Mwingine atasema kwamba wakati wa maafa yapo makasha maalumu yanayoletwa na mashirika. Ni kweli, na kasha namba 3 katika makasha ya afya ya uzazi ya mashirika ya kimataifa limetengenezwa kwa ajili ya matibabu baada ya ubakaji. Silidharau, likifika, lipokeeni kwa mikono miwili. Lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zake, barabara ya Dar es Salaam ilikatika Somanga, wilayani Kilwa, na ninyi mnakumbuka jinsi mabasi yalivyokaa. Kasha gani lingepita pale? Saa 72 za mwanamke wa Lindi hazisubiri kivuko kijengwe upya. Kinachomfaa ni kile kilichokwisha kuwepo upande wetu wa maji siku mvua inapoanza, na anayejua namna ya kukitumia awe hapohapo pia.

Miongozo ya kimataifa hailisemi hili kwa kuombaomba. Kile kifurushi cha huduma za awali za afya ya uzazi katika dharura, ambacho mashirika yalianza kukitayarisha katikati ya miaka ya 1990 baada ya yaliyotokea Bosnia na Rwanda, kinataka huduma kwa manusura ianze ndani ya saa 48 tangu dharura ianze, pamoja na huduma ya uzazi salama na kinga ya VVU. Ndani ya saa 48! Wala hakuna anayetakiwa kuleta takwimu kwanza. Mwongozo ni kwamba tuchukulie ukatili unatokea hata kama hakuna aliyeripoti. Nimekaa katika vikao ambamo mtu mzima, mwenye kalamu mbili mfukoni, anauliza: "Je, tunazo kesi?" Ndugu yangu, kesi utazipata wapi wakati hujafungua mlango? Utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini mwetu mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na hiyo ilikuwa Tanzania isiyo na mafuriko, watu wakilala majumbani mwao. Leo uwalaze darasani bila taa, halafu uulize kama kuna kesi.

Nikisema mlango, nina maana ya mlango hasa. Katika kambi moja walisimamisha hema jeupe, safi, lenye kitanda na pazia, wakaweka bango: Huduma kwa Waathirika wa Ubakaji. Lilikaa wiki mbili na hakuna aliyeingia isipokuwa mbuzi. Wanawake walikuwa wakilizunguka kwa mbali, maana kulipita karibu tu kulitosha kuzua maneno kisimani. Bango liling'olewa, huduma ikahamishiwa pale wanapopimwa wajawazito na kuchomwa sindano watoto, na wiki hiyohiyo walianza kuja. Mwanamke aliyebeba mtoto anayekohoa haulizwi na mtu anakwenda wapi. Na hilo neno "mwathirika" nalo tuliache. Kwetu, kwa miaka mingi, mwathirika ametajwa kuwa mtu mwenye VVU. Ukiliita kwenye foleni umemvika mtu mzigo wa pili kabla hajamaliza kuutua wa kwanza. Semeni manusura mkiandika taarifa, na mkizungumza naye mwiteni kwa jina alilowapa.

Kuhusu PF3 nitasema kwa ufupi kwa sababu nikianza sitanyamaza. PF3 ni fomu ya polisi kwa ajili ya ushahidi, na ni muhimu kwa anayetaka kwenda mahakamani. Haijawahi kuwa cheti cha ruhusa ya kumeza kidonge. Tibu kwanza, andika ulichokiona kwa maneno yako na uhifadhi, kisha mweleze kwamba dawati la jinsia na watoto lipo, na kwamba uamuzi wa kwenda ni wake. Kituo cha polisi kinaweza kuwa kilomita arobaini kutoka zahanati, na kimezungukwa na maji.

Nije sasa kwenye mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, maana hapa Mtwara dharura haiji kwa mvua peke yake. Tangu Oktoba 2017, vita vilipoanza Mocímboa da Praia, na zaidi baada ya shambulio la Palma Machi 2021, tumewaona watu wa Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililopakana nasi, wakiufikia mto. Tunasema kwa fahari kwamba lugha si tatizo, kwa kuwa Mmakonde wa ng'ambo na Mmakonde wa Kitangari wanaelewana. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Pale lugha inapokuwa ya nyumbani, mkalimani huokotwa kutoka kwenye foleni, na mara nyingi huyo ni shemeji, au jirani wa kijiji kilekile, au binamu upande wa mama. Utamwuliza mwanamke lililompata, naye atajibu kwamba anaumwa kichwa. Unamwandikia panadoli, na rejesta yako inasomeka vizuri. Chagueni wakalimani mapema, wawe wanawake kadiri inavyowezekana, waapishwe kutunza siri, na aulizwe manusura kama huyu anamfaa. Wapo wanaoniambia kwamba makungwi wetu ndio wanaoambiwa kwanza. Nakubali, na ningependa makungwi wajue jambo moja tu: kwamba ni saa 72, na kwamba mjomba na wazee wakikaa kulimaliza suala hilo kifamilia, wakalimaliza kwa siku nne, dawa itakuwa imepitwa.

Hata hivyo aliyepitwa asifukuzwe. Nimesikia kwa masikio yangu muuguzi akimwambia binti, "Umechelewa, ungekuja juzi." Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufaa hadi saa 120, ingawa mapema ni bora. Magonjwa ya zinaa hutibiwa siku yoyote, majeraha hutibiwa siku yoyote, na usingizi uliokataa kuja kwa miezi sita nao una pa kuanzia. Huhitaji kuwa bingwa wa akili ili umsikilize mtu bila kumkatiza, umwambie kwamba kosa si lake, na umwulize kama mahali anapokwenda kulala leo ni salama.

Naona Mwenyekiti amenyanyua karatasi ya dakika tano, nami nilikuwa na mambo manne. Watoto: dozi zao hupimwa kwa uzito, bandikeni jedwali ukutani, na hakuna kipimo cha ubikira chenye maana yoyote ya kitabibu, Shirika la Afya Duniani lilitaka kifutwe mwaka 2018. Wanaume na wavulana nao hubakwa, na hawatakuja kliniki ya mama na mtoto, kwa hiyo chumba cha wagonjwa wa nje nacho kiwe na dozi. La tatu linatuhusu sisi: katika maafa, anayegawa mchele na maturubai ana nguvu, na wapo wanaoitumia, malalamiko dhidi ya mtumishi yasipelekwe kwa rafiki yake. La nne lilikuwa la taa na komeo za vyoo, ambalo ni la wahandisi zaidi kuliko sisi, ila yule mama asingekutana nami kama choo kingekuwa na taa.

Mkirudi vituoni Jumatatu, naomba kila mmoja atembee na daftari kutoka CTC hadi dirisha la dawa hadi kwenye friji ya chanjo, aandike kila dawa iko wapi na nani anaifungua saa nane usiku. Nusu saa inatosha. Mwenyekiti, nimeiona karatasi nyingine. Ahsanteni.