Ukimya wa Tom na Jerry Ulikuwa Ghali

Ahsante mwenyekiti, na ahsanteni nyote mliojaza ukumbi siku ya Jumamosi. Naona viti vya mbele wamekaa wanafunzi wa uchoraji wa katuni na uhariri wa filamu, na huko nyuma kuna wazazi waliokuja na watoto wakidhani leo ni onyesho. (Kicheko.) Msiondoke, picha zipo. Ila nitaanza kwa kuwanyima. Fundi, naomba uzime skrini utuachie sauti peke yake.

(Sauti inachezwa kwa muda mfupi.)

Haya, nani ameona nini? Mama yule anasema paka alikuwa ananyata, akapanda juu ya kitu, akaporomoka na vyombo. Kweli kabisa. Kijana wa shati la bluu anaongeza kwamba kabla ya kuporomoka alining'inia hewani kidogo. Naam, alining'inia, na macho akayatoa. Skrini ilikuwa nyeusi lakini hakuna aliyepotea humu. Fidla zilizokuwa zinadonolewa kwa kidole ndizo zilizowaambia kwamba anatembea kwa ncha za vidole. Noti iliyokaa bila kushuka ndiyo iliyomning'iniza.

Mimi kazi yangu ni sauti. Nimerekodi michezo ya redio na nimeweka sauti kwenye katuni za watoto, kwa hiyo mtanisamehe nikivutia kwangu. Mtu akiniambia anakumbuka kuangalia Tom and Jerry utotoni, huwa namwuliza anakumbuka nini hasa. Atataja jibini, nyundo, lile bulldogi Spike na mwanawe. Ukimwachia dakika moja tu ataanza kutoa sauti kwa mdomo: ile mbio, ule mgongano, na lile yowe la Tom akibanwa mkia. Yowe lile, kwa taarifa yenu, ni la William Hanna mwenyewe, mmoja wa mabwana wawili walioiunda katuni hii. Alipiga kelele mbele ya maikrofoni, ikarekodiwa, ikatumika tena na tena kwa miaka.

Na maneno je? Tom na Jerry karibu hawasemi. Hapa ndipo katuni hii ilipotupata sisi. Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Wakenya walianza 1962. Kwetu Bara picha zilifika kwa kanda za video, sebuleni kwa jirani mwenye deki au kwenye kibanda umiza. Kibandani sinema ya kigeni ilihitaji mtu wa kuitafsiri. Lufufu alijipatia jina kubwa kwa kazi hiyo, na Kenya wana DJ Afro wao. Mtafsiri alikuwa nusu ya sinema, na wakati mwingine alikuwa mtamu kuliko sinema yenyewe. Lakini kanda ya Tom and Jerry ikiingizwa, hakuna aliyemtafuta mtafsiri. Mtoto ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye "good morning teacher" alicheka sekunde ileile aliyocheka mtoto wa balozi. Waliokuwa wamelelewa kwa hadithi za sungura na fisi hawakuhitaji hata kuelezwa nani ni nani.

Watu husema ilieleweka kwa sababu ni rahisi: paka, panya, kukimbizana. Mimi nasema haikuwa rahisi hata kidogo. Ukimya ule ulinunuliwa kwa pesa nyingi, na nitawaonyesha risiti.

Filamu ya kwanza ilitoka Februari 1940 katika kampuni ya filamu ya Marekani, MGM. Paka hakuitwa Tom bado, aliitwa Jasper. Jina la Tom na Jerry lilipatikana baadaye kwa bahati nasibu ya ofisini, na mchoraji mmoja, John Carr, akaondoka na dola 50 zake. Tazameni kisa chenyewe. Mama mtumishi wa nyumba amemwambia paka: ukivunja kitu kimoja tena, nje! Panya amesikia. Basi anapanda ukingoni mwa meza ameshika glasi, paka akisogea, yeye anaonyesha kuiachia. Paka anarudi nyuma taratibu. Nguvu yote ya filamu ile imekaa kwenye mlio mmoja ambao hatutaki usikike. Tangu siku ya kwanza, hawa watu walikuwa wanafikiri kwa masikio.

Joseph Barbera, yule bwana wa pili, kijana wa New York mwenye asili ya Italia, alikuwa mkono: ndiye aliyechora visa na vichekesho kwa kasi ya ajabu. Hanna alikuwa saa. Alikaa na metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo ya muziki, akipima kila tendo, kisha akaandika vipimo kwenye karatasi zenye mistari kama za muziki. Wanafunzi, hapa naomba mnisikilize vizuri. Filamu inakwenda fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Ukiweka pigo moja kila fremu 12, unapata mapigo mawili kwa sekunde, mwendo wa gwaride la Uhuru. Ukiweka pigo kila fremu 8, ni mapigo matatu, mtu amekwisha kuanza kukimbia. Tom akinyata, mguu unatua kwenye pigo. Akianza kufukuza, unapunguza fremu na muziki unapanda wenyewe. Filamu ya dakika saba ni fremu kama 10,000, na zote zilihesabiwa namna hiyo kabla mchoraji hajashika kalamu.

Karatasi hizo zilikwenda kwa Scott Bradley. Jina hili mlishike, maana kwenye mazungumzo ya Tom and Jerry huwa halitajwi. Alizaliwa Arkansas mwaka 1891, na ndiye aliyetunga muziki wa karibu filamu zote za Hanna na Barbera. Alikuwa na ruhusa ya kuchukua nyimbo za maktaba ya MGM, kwa hiyo anaweza kuanza na wimbo mtamu wa sinema, akaupindua katikati ukawa kichapo. Alikuwa mtu wa kusoma pia. Katika filamu moja ya 1944 Jerry anajificha chini ya kichwa cha sanamu la mbwa na kile kichwa kinatembea chenyewe. Bradley akatumia pale mfumo wa noti kumi na mbili wa mtunzi Arnold Schoenberg, muziki ambao watu wazima walikuwa wanatoka nao ukumbini wameshika vichwa. Watoto wakausikiliza bila malalamiko, maana uliambatana na kichwa cha mbwa kinachotembea.

Mwaka 2013 John Wilson na okestra yake walipiga muziki wa Bradley jukwaani kwenye tamasha la muziki la Proms, ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Itafuteni. Wapigaji waliovaa suti nyeusi wanahangaika kama wanafukuzwa, na wa midundo anavunja vyombo kwa noti zilizoandikwa. Hapo utaelewa ugumu wake. Mwanamuziki wa kawaida anapewa angalau sekunde kadhaa akae kwenye wazo moja. Hapa wazo linabadilika kila panya akigeuka.

Sasa fundi, washa. Hii ni The Cat Concerto, iliyopata Oscar ya mwaka 1946.

(Filamu inachezwa.)

Tazameni anavyoingia. Koti la mikia, kidevu juu, anainama kwa wasikilizaji kama mtu anayejua bei ya tiketi. Anaanza Rapsodia ya Hungaria Namba 2 ya mtunzi Franz Liszt. Jerry amelala ndani ya piano, juu ya nyundo zinazogonga nyuzi. Kila kidole kikibonyeza, nyundo inamrusha. Angalieni mikono: ikienda kushoto mnasikia noti nzito, ikienda kulia mnasikia nyembamba. Wachoraji hawakubahatisha. Sasa Jerry anaondoa vibonyezo, anaweka mtego wa panya mahali pake, na kidole kinakwenda palepale kwa sababu Liszt amekiandikia kwenda pale. (Kicheko.) Mnaona? Kichekesho kimewekwa kwenye noti. Ukibadilisha wimbo, mtego unakosa kidole. Na Tom, hata akitumia miguu, haachi kupiga, kwa sababu ukumbi umejaa na yeye ni msanii. Mwisho Jerry anamzungusha na ule umaliziaji, unaisha, unaanza, unaisha, unaanza, hadi paka anazimia, na taa inakwenda kwa panya ambaye naye amevaa koti la mikia.

Kwa wapenda umbea: kipindi hichohicho kampuni ya Warner Bros. ilitoa filamu ya sungura wao Bugs Bunny akipiga rapsodia ileile, na kampuni hizo mbili zikatuhumiana wizi. Umbea mwingine: filamu hizi zilishinda Oscar saba, na aliyekuwa anapanda jukwaani kuzichukua ni Fred Quimby, msimamizi wa idara. Hanna na Barbera walikuwa wanabaki chini.

Nimesema karibu hawasemi. Aliyesema sana ni yule mama mtumishi wa nyumba, ambaye kwa kawaida tulimwona miguu tu. Nyie mnamkumbuka: soksi, kandambili za nyumbani, ufagio. Sauti yake ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji Mmarekani mweusi. Sisi tulimcheka bila kujua tunachokicheka. Kwao Marekani alikuwa mfano wa mtumishi mweusi uliozoeleka kwenye sinema, na chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilipinga sura za namna hiyo. Mwaka 1952 akaondolewa. Katuni zilipohamia kwenye televisheni miaka ya 1960, kuna alipochorwa upya kuwa mwanamke mweupe, na kuna alipobadilishwa sauti tu akapewa lafudhi ya Kiayalandi. Kwa hiyo kuna kanda ambazo miguu ni myeusi na sauti imetoka kisiwa kingine kabisa. Mimi zile zinaniudhi kuliko zile za mwanzo. Kipaji cha Randolph kilikuwa cha kweli. Tatizo lilikuwa ni nafasi aliyopewa, na wao wakafuta kipaji wakaacha nafasi.

Sasa risiti niliyowaahidi. Mwaka 1957 MGM walifunga studio ya katuni. Wahasibu waligundua kwamba kuzirudisha filamu za zamani kwenye kumbi kunaleta karibu mapato yaleyale ya kutengeneza mpya. Hanna na Barbera, wenye filamu 114 za Tom and Jerry mikononi, wakabaki bila kazi. Wakaanzisha kampuni yao na kugeukia televisheni, ambako walilipwa sehemu ndogo sana ya walichozoea. Unafanyaje? Unapunguza michoro. Dubu Yogi, mmoja wa wahusika wao wapya, ana tai shingoni. Mlidhani ni urembo? Tai inaficha kiungo. Mwili unabaki mchoro mmoja, kichwa peke yake ndicho kinachobadilishwa. Na ukishapunguza mwendo, lazima kitu kijaze muda. Kikajazwa na maneno. Yogi anaongea, mbwa wao Huckleberry anaongea, kila mtu anaongea. Maneno ni bei nafuu: mwigizaji mmoja, maikrofoni moja, mchana mmoja.

Kwa mtoto wa kibandani hapo ndipo mlango ulipofungwa. Yogi alihitaji Kiingereza. Mimi nilimpenda Yogi nikiwa mtu mzima, nilipoanza kumwelewa. Tom na Jerry, kazi ya kizamani ya kumbi za sinema, ilitufikia sawasawa kwa sababu kila jambo lilichorwa na kupigiwa muziki badala ya kusemwa. Kituo cha CBS cha Marekani kilianza kuzirusha Jumamosi asubuhi mwaka 1965, na huko ndiko zilikogeuka kuwa kipindi cha televisheni, miaka 25 baada ya ile glasi ukingoni mwa meza.

Kuna mwanafunzi ameniletea karatasi ya swali mapema: "Kwa nini nyingine zilikuwa za ajabu, kama ndoto mbaya?" Anazisema zile filamu 13 za mwongozaji Gene Deitch, zilizotengenezwa Prague mwaka 1961 na 1962. MGM walitaka Tom na Jerry wapya kwa pesa kidogo, kazi ikapelekwa Chekoslovakia. Watoto tulizitambua kabla jina halijaandikwa: milio ina mwangwi, kama imerekodiwa ndani ya tangi tupu la maji, na muziki uko upande mmoja huku paka yuko upande mwingine. Anagongwa, kisha ndipo unasikia. Watu wanazichukia. Mimi nazitumia darasani, maana hakuna namna nzuri zaidi ya kumwonyesha mwanafunzi kazi ya Bradley kuliko kumwonyesha panya yuleyule bila Bradley. Zile 34 za mwongozaji Chuck Jones zilizofuata, 1963 hadi 1967, ni nzuri kwa macho, nyusi hasa. Na zile za 1975 ambamo wamefanywa marafiki, Jerry kavalishwa tai nyekundu, wanasafiri pamoja bila kupigana, sina la kusema juu yake mbele ya watoto. (Kicheko.)

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali karibuni, ila lile la nani kati yao ni mbaya zaidi mkaulizane nyumbani.