Ulafi wa Seli Unapogeuka Tiba

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita, sehemu ya bilioni ya mita, katika tiba, picha za mwili na nishati safi. Nishati nitaipita mbio: platini ni ghali, na ikigawanywa kuwa chembe za nanomita chache, gramu ileile hupata eneo kubwa zaidi la kukutana na haidrojeni ndani ya seli za fueli, vifaa vinavyotoa umeme kwa haidrojeni. Basi. Mimi ni mtu wa dawa, na jioni hii nataka tukae na seli moja, makrofaji.

Makrofaji ni askari wa mwili wanaomeza kila kigeni. Wamejaa kwenye ini na bandama. Choma sindano ya chembe za nano, ziwe za dhahabu, za chuma au za mafuta, na wao ndio watakaoziwahi. Kwa watafiti wa saratani huo ni msiba. Mwaka 2016 kundi la Chuo Kikuu cha Toronto lilipitia majaribio ya miaka kumi kwa wanyama, likakuta kwamba kwa kawaida ni kama asilimia 0.7 tu ya dozi iliyofika kwenye uvimbe. Ndiyo maana nikisikia redioni kwamba nano inakwenda moja kwa moja kwenye saratani, huwa naguna.

Ila upo ugonjwa ambao kimelea chake kimejificha humohumo ndani ya makrofaji: kala-azar. Watu wa Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, na Amudat upande wa Uganda, wanaujua kuliko mimi. Inzi wa mchanga anauma, kimelea hicho, leishmania, kinaingia na kuzaliana ndani ya seli iliyopaswa kukiua. Bandama inavimba, damu inapungua, na asiyetibiwa kwa kawaida hufa.

Dawa ya amfoterisini B tunayo tangu miaka ya 1950. Inaua kimelea hicho vizuri, na figo inaziumiza vizuri vilevile. Mgonjwa aliwekewa dripu siku baada ya siku, homa na mitetemeko juu yake. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanasayansi Alec Bangham, pale Babraham karibu na Cambridge, Uingereza, akaona kuwa fosfolipidi, aina ya mafuta, zikiingia majini hujikunja zenyewe kuwa vifuko. Hizo ndizo liposomu. Baadaye dawa ikapachikwa kwenye kuta za vifuko vyenye kipenyo kisichozidi nanomita 100. Figo zikapata nafuu, na makrofaji akaimeza dawa mwenyewe, kama panya anayebeba dagaa mwenye sumu hadi shimoni kwake.

Nchini India, utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba dozi moja ya dawa hiyo ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, iliponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Tukadhani mambo yamekwisha. Dozi hiyohiyo ilipojaribiwa Sudan na Ethiopia, haikufika asilimia 60, na jaribio likasimamishwa. Kwa hiyo matokeo ya Bihar, jimbo la India, hayapandi ndege yakatua Lodwar kule Turkana yakiwa mazima. Lazima tupime hapa.

Na tukipima hapa tunapata vyetu. Jaribio la homa ya uti wa mgongo ya kuvu, inayotibiwa kwa amfoterisini hiyohiyo, kwa wenye VVU lilifanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, pamoja na vidonge vya wiki mbili, haikuwa duni kwa dripu za siku saba za amfoterisini ya kawaida: vifo ndani ya wiki kumi vilikuwa asilimia 24.8 dhidi ya 28.7, na madhara makali yalipungua. Matokeo yalitoka 2022, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Ulafi uleule umetumika hata kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Oksidi ya chuma ikimezwa na makrofaji wa ini, ini zima huonekana jeusi pichani. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauna seli hizo, hivyo hubaki mweupe. Kwa macho yangu hilo ni werevu wa hali ya juu, ingawa dawa hizo za picha zilikosa soko.

Linalonikera ni jambo la kawaida kabisa: chupa za amfoterisini ya liposomu zisikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 25. Zahanati ya Turkana isiyo na umeme wa uhakika itaziweka wapi? Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti aanzie hapo: liposomu inayovumilia nyuzi 38, kwa bei ambayo kaunti inaweza kulipa bila kungoja msaada.