Siri ya Moyoni Utampa Nani?

Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu mchana huu.

Nianze na la kuwapunguzia muda wengine. Mtu anayesikia sauti za wasioonekana, aliyeacha kula na kulala, au anayesema anataka kujitoa roho, simzungumzii leo. Huyo apelekwe hospitali sasa hivi, iwe hapa Chake au Kidongo Chekundu kule Unguja. Ninayemzungumzia ni yule anayekwenda kazini, anacheka barazani, lakini ndoa ya tatu inamvunjikia vilevile kama ya kwanza. Au yule ambaye kila akipandishwa cheo anaugua, na vipimo havioni kitu. Ameshasomewa, ameshakunywa kombe, na mimi simwambii aache dua. Namwambia ipo na njia nyingine, nayo ni tiba ya uchanganuzi nafsi.

Asili yake ni Vienna, mji mkuu wa Austria. Mwaka 1895 Sigmund Freud na daktari aliyemtangulia, Josef Breuer, walichapisha kitabu chenye habari za msichana mmoja aliyetibiwa na Breuer. Dalili zake zilipungua kila alipoeleza yaliyokuwa yakimjia, na mwenyewe akaiita tiba ya kuzungumza. Freud akaishika njia hiyo, akaijenga juu ya dai moja: sehemu kubwa ya yanayotusukuma hatuyajui, na tunayafukia kwa sababu yanatutisha au yanatuaibisha.

Kwa hiyo chumbani kwa tabibu kanuni ni moja tu. Sema kila linalokujia, kama lilivyokuja: la kipuuzi, la aibu, hata lile la kumtukana tabibu mwenyewe. Kwa Freud mgonjwa alilala kwenye kochi lililotandikwa zulia la Kiajemi (sisi tunaodai Ushirazi tungejihisi nyumbani) naye akakaa nyuma yake. Sababu mojawapo aliitoa bila kuona haya: hakuweza kustahamili kutazamwa na watu kwa muda wa saa nane kila siku. Kochi lenyewe lipo London mpaka leo, katika nyumba aliyofia mwaka 1939, ambayo sasa ni makumbusho.

Kanuni hiyo inasikika nyepesi, lakini jaribuni kuitia Pemba. Hapa mtoto hufundishwa tangu mdogo kwamba mzazi hasemwi. Amekupiga, amekutenga, amemwoza dada yako kwa mtu asiyemtaka, wewe funika, usije ukakosa radhi. Sasa umelala, umeulizwa unawaza nini, na linalokuja ni hasira juu ya mama. Unanyamaza. Unasema joto limezidi. Mchanganuzi hakukemei wala hakulazimishi. Ataona kwamba umenyamaza, na huenda akakuuliza unachelea nini. Mimi siamini kwamba kuitaja hasira chumbani ni kuvunja radhi. Anayetafuna hasira miaka thelathini humlipa mzazi kwa njia nyingine: hampigii simu, hamzuru, na hajui kwa nini.

La pili litakalowasumbua ni ukimya. Sisi tumezoea kuulizana hali, za nyumbani, za watoto, mpaka pumzi ziishe. Huyu atakujibu salamu, kisha atasubiri. Hatakwambia umuache mume au umrudie. Wengi huondoka wiki ya kwanza wakinung'unika kwamba wamelipa pesa na hawakupewa hata nasaha. Nasaha tunazo za kutosha, kila baraza inazigawa bure. Chumbani kinafanyika kitu kingine: baada ya muda unaanza kumfanyia tabibu yale uliyowafanyia watu wako. Umechelewa dakika tano, unaingia umejikunja, tayari unaomba msamaha kama ulivyomwomba baba, na yeye hajasema neno. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu mambo ya zamani yanatokea mbele ya macho yenu wawili na mnaweza kuyazungumza.

Uchanganuzi kamili ni mara tatu mpaka tano kwa wiki, dakika arobaini na tano au hamsini kila mara, kwa miaka. Wengi hufuata njia nyepesi zaidi, mara moja au mbili kwa wiki, mkiwa mmekaa mnatazamana. Saa ya kumaliza haisogei, hata kama boti ndiyo iliyokuchelewesha.

Je, inasaidia? Utafiti mmoja wa Uingereza uliotolewa mwaka 2015 uliwafuata watu 129 wenye sonona sugu. Waliopewa tiba hii mara moja kwa wiki, kwa miezi 18, walipopimwa miaka miwili baada ya tiba kwisha, asilimia 44 hawakuwa tena na vigezo vya sonona kali. Kwa waliopata matibabu ya kawaida peke yake ni asilimia 10. Tofauti ilizidi kujitokeza baada ya tiba kumalizika. Lakini angalieni pia kwamba zaidi ya nusu hawakufika hapo. Na ukiwa na woga wa kitu kimoja, kama vile kupanda boti, zipo tiba fupi zaidi. Anza na hizo.

Sasa kumpata. Wachanganuzi ni nadra Afrika Mashariki, kwa hiyo wengi wetu tutazungumza nao kwa video. Nyumba zetu zimejaa watu, basi tafuta pahala pa faragha kabla hujatafuta tabibu: gari, ofisi baada ya kazi, hata shamba lenye mtandao. Chagua lugha pia. Ugomvi wa utotoni haukutokea kwa Kiingereza.

Muulize amesomea wapi, nani anamsimamia, na je, yeye mwenyewe amewahi kulala kwenye kochi? Katika vyama vilivyo chini ya Shirika la Kimataifa la Saikoanalisisi, yaani la huu uchanganuzi nafsi, lililoundwa mwaka 1910, mwanafunzi hafuzu bila kufanyiwa uchanganuzi mwenyewe. Ada ikikushinda, uliza kama yupo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Hao mara nyingi hutoza kidogo. Anayekasirika kwa maswali haya, muage.

Akiwa ni mtu wa hapahapa visiwani, hakikisha si shemeji, si jirani, si mwalimu wa mwanao. Kubalianeni mapema mkikutana sokoni Darajani mtaamkiana au mtapitana. Usimpelekee sahani ya Idd. Akiipokea bila kuizungumza, mwenye kasoro ni yeye. Muulize siri ataivunja lini: ni pale maisha ya mtu au usalama wa mtoto yanapokuwa hatarini. Na akikushika kwa namna ya kukutamani, ondoka siku hiyohiyo, ushitaki.

Mpe mikutano mitatu au minne kabla ya kuamua. Ukitaka kuacha, usipotee kimya kimya na kuzima simu. Nenda ukamwambie usoni kwamba humtaki. Inawezekana hilo likawa neno la kwanza la kweli ulilomwambia, na mkaanzia hapo.