Kanuni Ndiyo Mwalimu: Niliyoyaona Denmark Kuhusu Kufundisha kwa Michezo

Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wanachuo wenzangu, asalamu alaykum na habari za mchana. Nimeombwa nieleze nilichokwenda kujifunza Denmark. Habari za baridi na chakula naziacha, maana hizo mmeshanimaliza nazo bwenini.

Nilikuwa Jutland, ile rasi inayopakana na Ujerumani, kwa ziara fupi ya mafunzo. Wengi mkisikia Denmark na michezo mnakimbilia Billund, kwenye matofali ya Lego. Kwa mwalimu, cha kutazama zaidi ni mji mdogo wa Hobro. Huko kuna skuli ya bweni iitwayo Østerskov, iliyofunguliwa 2006, na masomo yake yamejengwa juu ya michezo ya uigizaji. Wanafunzi huingia ndani ya kisa, kila mmoja na uhusika wake, na hesabu, historia au lugha ndivyo vitu wanavyovihitaji ili kisa kiende mbele. Mitihani wanafanya ileile ya wenzao. Skuli za bweni za aina hii, ziitwazo efterskole, zilianza Denmark mwaka 1851, na mizizi yake iko katika fikra za Grundtvig, mchungaji na mwanafikra wa Denmark, za elimu ya watu wa kawaida. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanzishwa Tanzania Bara 1975 vilifuata mfano wa huko Skandinavia, kwa hiyo si ukoo wa mbali sana.

Lakini darasa ninalotaka kuwaonesha ni la skuli ya kawaida kabisa.

Mwalimu aliingia na mfuko wa maharage makavu. Kila meza watoto watano na bakuli moja. Bakuli ni ziwa, ndani mna samaki arubaini. Kila mzunguko, kila mtoto anachota anachotaka. Asiyepata angalau wawili, familia yake imelala njaa na yeye katoka. Samaki waliobaki wanazaana, idadi inakuwa mara mbili, ila ziwa halichukui zaidi ya arubaini. Na kuzungumza hakuna.

Meza niliyosimama karibu nayo ilibakiwa na samaki saba baada ya mzunguko wa kwanza. Wakawa kumi na nne. Mzunguko wa pili mikono iligongana ndani ya bakuli, na binti mmoja mpole aliyekuwa akisubiri zamu yake alikuta bakuli tupu. Kijana aliyemkabili alikuwa na rundo la maharage kalifunika kwa viganja viwili, anacheka, kisha akaacha kucheka alipoona hakuna tena cha kuvua na mchezo umekwisha hata kwake.

Mchezo wote haukufika robo ya kipindi. Muda uliobaki ulikuwa wa mazungumzo, na hapo ndipo nilipomwona mwalimu akifanya kazi. Hakumlaumu mtu. Alimuuliza yule kijana, "Ulipomwona mwenzako anachota, uliwaza nini?" Akajibu, "Kama si mimi, angechukua yeye." Mwalimu akaliandika jibu hilo ubaoni, kisha akawauliza: mngevua wangapi kila mtu ziwa lisipungue? Wakakokotoa wenyewe. Wanne kila mtu ni ishirini, wanabaki ishirini, wanarudi arubaini. Milele. Hakuna aliyewaambia wanne.

Halafu akabadilisha kanuni moja tu: safari hii mnaruhusiwa kuzungumza kabla ya kuvua. Watoto walewale, maharage yaleyale. Ziwa lilidumu mpaka kengele. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alilijaribu jambo la namna hii na wenzake kwa watu wazima, wakaona kwamba wakiachiwa wazungumze tu, bila askari wala faini, hujizuia zaidi kuliko walionyimwa nafasi hiyo.

Kwa hiyo ninachokuja nacho kwenu ni hiki: mchezo hufundisha kwa kanuni zake, si kwa picha zake. Tazameni habari ya Elizabeth Magie, Mmarekani. Mwaka 1904 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mchezo wa ubao aliotaka uoneshe jinsi kodi ya pango inavyomtajirisha mwenye ardhi na kumdidimiza mpangaji. Aliuwekea pia kanuni za aina nyingine, ambazo utajiri ukipatikana kila mchezaji ananufaika. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikamnunulia hataza yake kwa dola 500, huku ikiuza Monopoly, mchezo uliotokana na ule wake, ambao anayeshinda ni yule aliyewafilisi wenzake. Kanuni za kunufaika wote zikaachwa. Mchezo wa kuonya juu ya ulafi ukawa wa kuufanyia mazoezi.

Ndiyo maana napata shida na pendekezo ninalolisikia kila mara hapa chuoni, kwamba tuingize bao darasani ili watoto wajue kujumlisha. Bao nalipenda. Lakini kanuni za bao hazimlipi anayejumlisha vizuri. Zinamlipa anayeona mbele, anayejua kete zake zitaishia wapi kabla hajazinyanyua. Mkitaka kufundisha kupanga, leteni bao. Mkitaka kujumlisha, mtapata watoto wanaocheza bao vizuri sana.

Mtaniuliza habari ya madarasa yetu. Sheria ya Denmark inaweka kikomo cha watoto 28 darasani, na pungufu kidogo kwa madarasa ya mwanzo, na sisi tunajua tunaingia kwenye vyumba vya namna gani. Maharage si tatizo, visoda vimejaa kila duka. Tatizo ni mazungumzo: mwalimu mmoja hawezi kuzungumza na makundi ishirini. Jibu langu ni ubao. Kila kundi liandike idadi ya samaki waliobaki baada ya kila mzunguko, safu moja kwa kila kundi. Darasa zima litaona safu zilizofika sifuri na moja au mbili zilizodumu, na mwalimu anahitaji swali moja tu: hawa walifanya nini?

Nimeanza kuugeuza mchezo huu uwe wa pweza. Kisiwa Panza, kule Pemba, wanakijiji huifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, kisha huifungua kwa pamoja, kwa sababu pweza hukua upesi na aliyeachwa kidogo tu huongezeka uzito mara kadhaa. Kwa hiyo katika mchezo wangu kisoda kilichokaa mizunguko miwili bila kuguswa kinahesabiwa vitatu. Nilimwonesha mama mmoja jirani yetu, mchokoaji pweza wa miaka mingi. Alicheza, akashinda, akauliza: "Na anayekuja usiku na mchokoo wake, mwanangu, umemuweka wapi?"

Sikuwa nimemuweka. Nimetengeneza kadi ya mwizi, lakini sijaamua anayemkamata alipwe au asilipwe. Akilipwa, watoto watakaa kuviziana na mwamba wausahau. Asipolipwa, nani atakesha? Visoda viko hapa mezani, nahitaji watu watano waje mbele, na mmoja wenu nitampa kadi hiyo bila wengine kujua.