Nani analipia ghala? Mhadhara kuhusu Filecoin, Lubumbashi

Mabibi na mabwana, wazee wetu, nanyi wanafunzi mliojaa hapo nyuma, nimeombwa nizungumzie mustakabali wa uwekezaji katika Filecoin, mtandao ambao wenye diski huhifadhi data za wengine na kulipwa sarafu ya mtandao huo, na najua kwamba wengi wenu mmekuja kusikia namba moja tu, yaani bei ya mwakani. Namba hiyo sitaitaja. Nitauliza tena swali ambalo walionisikiliza kabla ya leo wamekwisha kulichoka: nani analipa?

Blokicheni, lile daftari la pamoja la kidijitali linalobeba sarafu hizi, mnaijua, sitairudia. Mnajua pia kwamba Protocol Labs, kampuni ya Juan Benet iliyoiunda Filecoin, ilikusanya takriban dola milioni 257 mwaka 2017, na kwamba mtandao ulianza kazi Oktoba 2020. Tuingie ghalani.

Chukueni depo ya mahindi pale Kenya. Nasema mtaa wetu wa Kenya, si nchi. Mwenye depo huishi kwa ada ya wafanyabiashara wanaoleta magunia kutoka Kasumbalesa, mpakani. Sasa tuseme wakubwa wa soko wanampa kila siku tiketi kwa kila nafasi aliyoitenga, hata akiijaza mchanga, na tiketi hizo zinauzika mjini. Atajenga depo ya pili na ya tatu, na mwenye mahindi ya kweli akija, atamwekea bure, kwa sababu tiketi zinamtosha. Hivyo ndivyo Filecoin ilivyokua. Mtoa hifadhi huthibitisha kila baada ya saa 24 kwamba data bado anayo, naye hupata nafasi ya kulipwa sarafu mpya. Hata vipande visivyo na data ya mteja yeyote vilihesabiwa. Wasanifu wenyewe waliliona tatizo, wakaleta Filecoin Plus, inayoipa data iliyoidhinishwa uzito mara 10 katika kugawa sarafu mpya, na watoaji hifadhi wakaanza kuigombania data hiyo na kuihifadhi bure au kwa bei isiyofika popote. Mteja anafurahi, mtoa hifadhi anauza sarafu ili alipie umeme na diski, na mnunuzi wa sarafu hizo ni wewe.

Naona Papa mmoja, mzee wetu, hapo mbele anatikisa kichwa. Bila shaka anaikumbuka Bindo ya mwaka 1991, ule mchezo wa piramidi uliomeza pesa za watu. Hapana, Papa, hii si Bindo. Hapa kuna diski halisi na data halisi, na kanuni zote zimewekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma, ndiyo maana anayepata hasara hana wa kumlaumu.

Mwingine ataniambia kwamba sarafu ni chache, bilioni 2 tu. Chache! Asilimia 70 zilitengewa watoaji hifadhi, 15 Protocol Labs kwa kuachiliwa kidogo kidogo ndani ya miaka 6, 10 wawekezaji wa mwanzo, na 5 wakfu wa Filecoin. Kikomo kinamfaa atakayekuja baada ya sarafu zote kutoka. Wewe unanunua zikiwa bado zinatoka. Na rehani je, yaani sarafu ambazo mtoa hifadhi huweka kama dhamana, si inazifungia sarafu nje ya soko? Inazifungia, lakini mtoa hifadhi anapofunga mlango rehani humrudia, na uwezo wa mtandao umeshuka tangu kilele cha mwaka 2022. Bei mnaikumbuka: Aprili 2021 ilipita dola 230, na mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa chini ya 10. Aliyeweka dola 100 siku ile ya kilele alibaki na pesa isiyofika dola 5.

Msimamizi ananionyesha saa, kwa hiyo nitakimbia. Mikataba-erevu, yaani programu zinazojiendesha ndani ya mtandao, iliyoingia Machi 2023 imeongeza matumizi, na ada za msingi huchomwa, yaani sarafu hizo hufutwa kabisa, jambo jema. Atakayenionyesha ada hizo zikizidi sarafu mpya, nitamsikiliza. Storj, mtandao mwingine wa hifadhi, huuza hifadhi kwa dola, mteja asihitaji kugusa sarafu, linganisheni wenyewe. Arweave, mwingine tena, ambako mteja hulipa mara moja tu, inahitaji mhadhara wake. Mashtaka ya Marekani ya Juni 2023 dhidi ya masoko ya sarafu Binance na Coinbase, yaliyoitaja Filecoin na kufutwa mwaka 2025, nayaacha kwa wanasheria. Karibuni kwa maswali, ila si la bei.