Kila García ana babu yake

Shikamooni wazee wangu. Habari za jioni walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa kule karibu na mlango. Sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie majina ya watu na safari zake, nami nimechagua jina moja tu la Kihispania: García. Nitaanzia kaunta. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza dada mmoja Mhispania kwenda kufuatilia kibali chake katika ofisi moja. Pasipoti yake ilikuwa na jina lake mwenyewe, kisha García, kisha jina jingine la ukoo. Siku ya kuwasilisha fomu, karani alichukua jina la mwisho kabisa akaliandika mahali pa jina la ukoo, García akaliweka katikati. Siku ya kwenda kuchukua kibali, faili halikuonekana. Walilitafuta kwenye herufi G, halipo. Tulikaa kwenye benchi toka saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, hadi mama mmoja wa masjala alipotoka akauliza, "Hili jina la mwisho ni la nani?" Dada akajibu, "La mama yangu." Faili likapatikana dakika ile ile.

Sikumlaumu karani yule na leo simlaumu. Kwetu jina la mwisho ni la babu au la ukoo wa baba. Nani alimwambia kwamba Mhispania hubeba majina mawili ya ukoo, la baba likitangulia na la mama likifuata? Na mwanamke akiolewa habadili kitu. Anabaki na majina aliyozaliwa nayo, kama ilivyo desturi ya mwanamke wa pwani yetu, ambaye hata akae na mume miaka hamsini bado ni binti wa babake.

Jina la mama lina kazi kubwa, hasa ukiwa García. Mshairi Federico García Lorca, aliyezaliwa 1898 kijiji cha Fuente Vaqueros na kuuawa Agosti 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, dunia nzima inamwita Lorca. Lorca ni jina la mama yake. García ni wengi mno, ukilitaja peke yake humjui unayemtaja. Basi la mama ndilo linalomtofautisha mtu. Ndiyo sababu hata Gabriel García Márquez wa Kolombia, García wa baba na Márquez wa mama, hutajwa kwa yote mawili.

Haya, jina lenyewe limetoka wapi? Kwanza tulitamke. Katika sehemu kubwa ya Hispania ile "c" ni "th" yetu ya thelathini: Garthia. Katika Amerika yote ya Kihispania, na sehemu za Andalusia, ni Garsia. Mkazo uko kwenye "i", silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale Kiswahili kinapoweka mkazo wake. Mswahili akilisoma hakosei.

Wataalamu wengi wanaliona jina hili kuwa la Kibaski, ile lugha ya milima ya Pirenei iliyokuwepo kabla Warumi hawajaleta Kilatini, na ambayo mpaka leo haijapatiwa ndugu miongoni mwa lugha za dunia. Hapo wanagawanyika. Wapo wanaolitoa kwenye neno "hartz", yaani dubu, na wapo wanaolitoa kwenye "gazte", yaani kijana. Mimi moyo wangu uko kwa kijana. Kumwita mtoto "kijana" ili kumtofautisha na baba au babu mwenye jina lile lile ni jambo la kawaida mno nyumbani kwa watu. Lakini wanaomtetea dubu nao wana hoja: watu wa milimani wamewapa watoto wao majina ya wanyama wakali tangu zamani, kama sisi tulivyo na akina Simba na akina Chui.

Tunachokijua kwa hakika ni kwamba García halikuanza kama jina la ukoo. Lilikuwa jina la mtu, kama Juma. Katika hati za Kilatini za enzi zile limeandikwa Garsea. Watazameni wafalme wa Pamplona, ufalme mdogo wa Kibaski uliokuja kuitwa Navarra. Mwaka 905 anaingia Sancho Garcés. Mwaka 925 anafuata mwanawe, García Sánchez. Mwaka 970 anafuata Sancho Garcés. Kisha García Sánchez. Kisha Sancho Garcés tena. Mnaona mchezo wenyewe? Garcés maana yake mwana wa García. Sánchez, mwana wa Sancho. Mtoto anapewa jina la babu yake, halafu anatajwa kwa jina la babake. Nani hapa hana mjomba anayeitwa Salim bin Ali bin Salim? Ni hesabu ile ile, na hawa walikuwa ng'ambo ya Bahari ya Kati miaka zaidi ya elfu moja iliyopita.

Kile kiambishi "-ez" mnachokiona kwenye Rodríguez, Fernández, Martínez na Hernández ndicho "bin" yao. Sasa mtaniuliza, mbona García halina "-ez"? Tazameni jinsi tunavyoitana sisi. Zamani mtu aliitwa Juma bin Hamisi. Leo kwenye kitambulisho ni Juma Hamisi, "bin" imeanguka na jina la baba limesimama peke yake. Garcés ni ile yenye "bin". García ni ile iliyosimama peke yake, na ndiyo iliyoshinda.

Kutoka jina la baba mpaka jina la ukoo kuna hatua moja zaidi, nayo ni kuganda. Nyote mmeona mafuta ya nazi asubuhi ya baridi: usiku yalikuwa yanatiririka, kukicha yamesimama ndani ya chupa. Mfano wa karibu ni Mzee Daniel arap Moi, rais wa pili wa Kenya. Baba yake aliitwa Kimoi arap Chebii. "Arap" kwa Kikalenjin ni mwana wa. Kwa hiyo Daniel ni arap Moi kwa sababu babake ni Kimoi, kama Kimoi alivyokuwa arap Chebii kwa babake. Jina linabadilika kila kizazi. Halafu njooni kwa watoto wa rais: Gideon Moi. Kimoi ni babu yake, si baba yake. Jina limeganda katika kizazi kimoja, mbele ya macho yetu. Hispania iliwachukua karne kadhaa. Kwa muda mrefu ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kubeba majina tofauti, mmoja la baba, mwingine la bibi aliyemwachia shamba. Vitabu vya ubatizo vya parokia vilibana kidogo, kisha serikali ikabana kabisa: sheria ya usajili wa raia ya 1870, na Sheria ya Madai ya 1889 iliyosimika mtindo wa majina mawili.

Nataka nikae hapa kidogo, maana kuna kosa linaloniuma. Watu huuziwa nembo za ukoo wa García, ngao yenye ndege na rangi zake, imechapwa vizuri, ya kutundika sebuleni. Ndugu zangu, ukoo wa García haupo. Kama jina lilitokana na kila baba aliyeitwa García, na akina baba hao walikuwa maelfu, Navarra, Kastilia, León, basi koo nazo ni maelfu. Tuwakusanye wote walio na baba aitwaye Hamisi kutoka Lamu hadi Kigoma, tuseme ni ukoo mmoja? Na haikuishia kwa akina baba. Wayahudi na Waislamu wa Hispania waliobatizwa, wengi wao kwa kulazimishwa mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa ile ya 16, walichukua majina ya Kikristo ya kawaida, mengine ya wale waliowasimamia ubatizo. Jina la kawaida ni maficho mazuri. Ndani ya akina García wamo wajukuu wa watu walioswali misikiti ya Granada.

Likavuka bahari. Huko Mexico, Peru na visiwa vya Karibi, wenyeji waliobatizwa na Waafrika waliouzwa utumwani waliandikwa kwa majina ya mapadri, ya wasimamizi wao, ya mabwana wao. Kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine. Leo García ni kati ya majina makubwa kabisa ya Mexico.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Ufilipino. Tarehe 21 Novemba 1849, gavana wa Kihispania huko, Narciso Clavería, alitoa amri kwamba kila familia iwe na jina la ukoo. Alikuwa amezunguka majimbo akakuta watu wanatumia majina ya watakatifu wapendavyo, wa nyumba moja majina tofauti, na makarani wa kodi wanachanganyikiwa. Ukatengenezwa mkusanyo wa majina kwa alfabeti, zaidi ya 60,000: ya Kihispania, na mengine ya mimea, ya mahali na ya lugha za wenyeji. Mkuu wa jimbo aligawa kurasa kwa miji, na mji ukachagua ndani ya kurasa ulizopewa. Ndiyo maana mji wa Oas, jimbo la Albay, ulijaa majina yanayoanza na R. Mkubwa wa familia anasimama mbele ya mkuu wa kijiji na padri, anaonyesha kwa kidole, na wajukuu zake wote wamekwisha kupata jina. Waliokuwa na jina moja kwa vizazi vinne waliruhusiwa kubaki nalo. Walimu wa shule waliagizwa wahakikishe watoto wanaitana kwa majina hayo. Hebu fikirini mtoto wa miaka minane anayemwita rafiki yake kwa jina ambalo mwezi uliopita halikuwepo duniani kwao.

Kwa hiyo Mfilipino mwenye jina la Kihispania, mara nyingi hana damu ya Hispania hata tone. Rais Carlos P. Garcia, aliyeongoza nchi hiyo 1957 hadi 1961, ni mtu wa kisiwa cha Bohol. Ile "P" ni Polestico, jina la upande wa mama. Wafilipino wameligeuza: la mama katikati, la baba mwisho. Karani wetu wa kaunta angeelewana nao vizuri sana.

Na Afrika? Jina hili lilifika kwenye kiti cha enzi. Mwaka 1641 ufalme wa Kongo, makao yake Mbanza Kongo katika Angola ya leo, ulipata mfalme Nkanga a Lukeni, ambaye hati za wakati ule zinamwita Garcia wa Pili. Akaungana na Waholanzi dhidi ya Wareno wa Luanda. Wa Kwanza alikuwa ametawala 1624 hadi 1626. Kwao Garcia lilikuwa jina la ubatizo, lilikuja kwa Kireno, nalo lilitumika kama lilivyotumika Pamplona: jina la mtu mwenyewe. Mfalme hakuacha jina lake la nyumbani. Alibeba yote mawili.

Sasa hesabu za leo. Hispania, García ndilo jina la kwanza kwa wingi. Wanaolibeba kama jina la baba ni kama milioni 1.4, yaani watu watatu katika kila mia, na idadi ya karibu hiyo hiyo wanalo kama jina la mama. Hata Katalonia, yenye lugha na majina yake, García linaongoza, kwa sababu baada ya vile vita vya wenyewe kwa wenyewe maskini wa Andalusia na Murcia walipanda treni kwenda kufanya kazi viwanda vya Barcelona, hasa miaka ya 1950 na 1960. Jina linafuata kazi.

Marekani limefuata kazi pia. Sensa ya 1990 ililiweka nafasi ya 18. Ya 2000, nafasi ya 8, watu 858,289. Ya 2010, nafasi ya 6, watu 1,166,120, nyuma ya Smith, Johnson, Williams, Brown na Jones tu. Kule mara nyingi huandikwa bila ile alama juu ya "i", na jina la mama huanguka njiani, kwani fomu zina nafasi moja.

Nimalizie na sheria. Tangu 1999 wazazi wa Kihispania wanaruhusiwa kukubaliana jina la mama litangulie. Tangu 2017 la baba halina tena kipaumbele. Wazazi huamua, na wasipoafikiana, ofisa wa usajili anaamua kwa maslahi ya mtoto. Kabla ya kufika hapo, mwaka 2010 lilitolewa pendekezo kwamba wazazi wakishindwana zifuatwe alfabeti. Watu walipiga kelele, na walikuwa na haki: baada ya vizazi vichache nchi ingejaa A na B, akina Zapatero wakatoweka. Likaachwa. Mimi naiunga mkono sheria ya sasa kwa moyo wote, maana majina adimu, ya bonde moja au kijiji kimoja, hufa pale binti anapokuwa wa mwisho kuyabeba.

Yule dada wa kaunta amejifungua mwaka jana. Nilimpigia kumpongeza, nikamuuliza wameamua lipi litangulie, la baba au la mama. Akaniambia hapakuwa na la kuamua. Mumewe ni García, naye ni García. Mtoto ameandikwa García García, na wako makumi ya maelfu kama yeye.

Asanteni sana. Karibuni kwa maswali.